Nilimwombea Nanjala kwa Mdomo Uliomtukana

Bwana asifiwe, na asifiwe hata na wale walionikasirikia. Najua wengine wenu mko hapa. Mimi ni Mama Chebet wa Endebess, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na leo siombi ruhusa ya mtu kusema haya.

Ndugu zangu, nilikuwa admini. Yule kijana wa Malakisi anayeigiza kwenye tamthilia ya saa moja jioni, kundi lake la mashabiki mtandaoni nililianzisha mimi. Akipata tangazo la sabuni, mimi ndiye wa kwanza kuliweka. Akibadilisha nywele, tunajadili siku mbili. Ng'ombe analia zizini na mimi bado nabonyeza simu. Watu wa kaunti ambazo sijawahi kukanyaga waliniita Mama Admini, na nililipenda sana hilo jina. Nyumbani hakuna aliyekuwa akinisikiliza hivyo.

Basi akaletwa Nanjala. Kwenye tamthilia yeye ni mke wa pili, na alimtilia kijana wetu sumu kwenye chai. Nikawaka! Niliandika kwamba uso ule si wa kuigiza, ni uchawi wa kuzaliwa nao. Shabiki mmoja akatuambia kwamba mama yake Nanjala anauza mboga soko la Misikhu. Nikaandika kwamba anayejipenda asinunue kwake. Wakanishangilia, nami nikajiona mtu.

Baadaye umoja wetu wa akina mama ulikwenda Misikhu kumfariji mjane aliyetoka hospitali, dada ya mshirika wetu. Mnajua desturi yetu. Tunabeba sukari na sabuni, na mwenye boma anamtajia mwombaji watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, hakuna wa kurukwa. Siku hiyo mwombaji nilikuwa mimi.

Yule mama akataja, "Wafula. Simiyu. Na Nanjala wangu, huyo anaigizanga kwa televisheni. Huyo umwombee sana, watu wa simu wamemmaliza. Hata mboga yangu inaozanga tu sokoni, ati ni ya mchawi."

Nikamwombea Wafula. Nikamwombea Simiyu. Nilipofika kwa Nanjala, ulimi ukakataa. Akina mama wakadhani nimeshukiwa na Roho, wakaanza kusema amina. Wakati ule nilijua ni aibu tu. Leo nasema ni vyote viwili.

Nikafungua macho, nikasema, "Mama, huyo mtu wa simu ni mimi."

Hakulia, wala hakunifukuza. Akasema, "Basi malizia. Si nimekutajia mtoto? Bado hujamwombea."

Nikamwombea. Ndugu zangu, nililia mpaka kamasi. Bwana hakunifungua kwenye mkutano mkubwa wenye vipaza sauti. Alinifungua pale Misikhu, magoti yangu yakiwa kwenye sakafu ya mama niliyemharibia biashara.

Nikarudi nyumbani, nikaandika kundini kwamba nilimkosea Nanjala, nilimkosea mama yake, na mboga zake ni nzuri, nunueni. Mnajua walinijibu nini? "Admini amelogwa." "Huyo amelishwa kitu Misikhu." Kabla maziwa hayajachemka nilikuwa nimetolewa kwenye kundi langu mwenyewe, na wale wale niliowapa cheo. Sasa mchawi ni mimi. Sawa, waandike. Niliwaogopa hao watu miaka mizima, nikisema wanachopenda kusikia. Siwaogopi tena.

Na nyinyi wa hapa kanisani mnaoniambia nitupe televisheni, sitaitupa. Televisheni haikumtukana mtu, nilitukana mimi. Nanjala anaigiza ubaya vizuri kuliko wote, na saa moja ikifika nitaketi nimtazame.

Namshukuru Mungu aliyenipa nafasi ya kurudisha maneno yangu. Wewe uliye kwenye kundi kama lile, unayejua wanachosema ni uongo na unaogopa kutolewa, mtegemee Bwana, uandike ukweli. Utatolewa kweli. Hutakufa.

Mama Nanjala ametoka Misikhu asubuhi hii, ameketi benchi la tatu, mwenye kitambaa cha kijani. Ibada ikiisha, nendeni mumsalimie kwa mkono. Mimi nitakuwa nimesimama kando yake, nione nani amekuja na nani ametokea mlango wa nyuma.