Maisha ya Mama Zamu, Aliyegawa Maji ya Mfereji kwa Miaka Thelathini na Minne

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kutusitiri leo, sisi watoto wa marehemu tumekubaliana kwamba historia yake isomwe na kitinda mimba wake, na tunaomba mtuvumilie, kwa sababu huwezi kueleza maisha ya mama yetu bila kueleza mfereji, na huwezi kueleza mfereji bila kueleza hapa petu.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1949, huko Juu, mtoto wa nne wa mojawapo ya zile familia kumi na moja zilizofika hapa mwaka 1938, wakati mlima wote ulikuwa kichaka, na bonde lote lilikuwa nyasi na mbu. Familia hizo zilianza kulima mgongoni mwa kilima kwa kuwa ndiko kulikokuwa na udongo mweusi, watoto walipozidi wakashuka Kati, penye mawe, na waliokuja mwisho wakapewa Chini, tambarare nzuri kwa macho lakini mvua ikikosea kidogo hakuna kinachoota. Ndipo mwaka 1946 wazee wetu walipoanza kuchimba mfereji kutoka mtoni, kilomita saba kwa majembe na mitaimbo, wakafika Chini Oktoba 1949, mama akiwa na miezi saba mgongoni mwa mama yake, kwa hiyo alipenda kusema kwamba yeye na mfereji ni pacha, ila mwenzake hakuwahi kuumwa magoti.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa Kati, yenye madarasa mawili na mwalimu mmoja, kuanzia Januari 1957 hadi 1962, akawa wa kwanza kwa hesabu miaka mitatu mfululizo, akaachishwa darasa la sita mama yake alipopata ugonjwa wa mgongo na hapakuwa na mwingine wa kushika jembe na sufuria. Hakuwahi kulalamika juu ya jambo hilo mbele yetu, lakini daftari lake la hesabu alilitunza mpaka lilipoliwa na mchwa.

Jumamosi tarehe 17 Agosti 1968 aliolewa na baba yetu, kijana wa Chini, aliyekuwa msimamizi wa mfereji. Watu wa Juu walishangaa, maana binti wa kwao kushuka kuolewa Chini ilikuwa kama kuhamia mahali pa kusubiri makombo, na kaka yake mkubwa, yaani mjomba wetu, ambaye ndiye aliyembeba na kumlea utotoni, alimwambia siku ya kumsindikiza, "Maji yakikuishia, panda kwangu." Walijaliwa watoto wanne, waliozaliwa 1969, 1971, 1973 na 1976, na wa tatu walimzika mwaka 1974 kwa surua.

Jumamosi tarehe 23 Aprili 1977 mto ulifurika, ukuta wa banio, pale maji yanapoingilia mferejini, ukaporomoka, na baba yetu akafia hapo akiwa na wenzake wanapanga mawe. Mkutano wa mfereji ukakaa wiki iliyofuata, mwenyekiti akamwomba mama ashike kazi ya kugawa maji kwa mwezi mmoja tu, wakati wanatafuta mwanamume. Mwezi huo uliisha mwaka 2011.

Kazi yenyewe wengi wenu mnaijua, lakini vijana hamkuiona. Mama aliamka, akatuachia uji, akachukua jembe na daftari, akapanda kilomita saba mpaka banioni akizibua majani na matope, kisha akashuka akifungua na kufunga mbao za malango, siku mbili Juu, siku mbili Kati, siku tatu Chini kwa sababu maji yakifika huko yameshapungua. Akirudi alikuta mtu ameketi mlangoni, huyu kaibiwa zamu, yule anasema jirani kachelewa kufunga, wakati mwingine hajavua hata viatu. Jina la Mama Zamu alipewa na watu wa Juu kwa kejeli, yeye akalikubali, na nyumbani kwake hata beseni la kuogea lilikuwa na zamu, na aliyechelewa alioga maji ya baridi bila rufaa.

Sasa tunafika mwaka 1984, na hapa familia ilijadiliana sana kama tusome au turuke. Mjomba wetu yupo hapa mbele, ana umri wa miaka sabini na tisa, na jana tulipomwuliza alisema, "Someni yote. Na mimi sehemu yangu isomwe." Basi tunasoma.

Mwaka huo mvua za masika zilinyesha mara nne tu. Mkutano ulikubaliana kwamba mahindi na maharage yanyweshwe kwanza, mboga za kuuza zisubiri, na mjomba alikuwa na ekari mbili za kabeji huko Juu, zimeshaanza kufunga vichwa. Jumatano tarehe 8 Agosti, saa nne asubuhi, siku ya Chini, mama alikuta maji hayafiki Kati, akafuata mfereji akipanda, akakuta lango la kaka yake liko wazi na kaka mwenyewe amesimama katikati ya kabeji na jembe mkononi.

"Kaka, leo si siku yako."

"Saa moja tu. Nipe saa moja."

"Saa moja ya hapa ni siku nzima kule mwisho."

"Utanifungia mimi? Mimi?"

"Nafunga zamu, kaka. Sikufungii wewe."

Akauteremsha ubao, akaukandika kwa udongo kwa mikono yake, na mjomba hakumgusa wala hakumzuia, alisema tu, "Basi kwangu usikanyage tena," naye mama akashuka na maji yake.

Kabeji zote zilikauka. Tunapaswa kusema pia kwamba mashamba kumi na mawili ya mwisho kule Chini, pamoja na letu, yalikauka vilevile, kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha kuwa machache mno, na miaka mingi baadaye dada yetu alipomwuliza kama alifanya sawa, mama alijibu hajui, anachojua ni kwamba ilikuwa siku ya Chini. Kwa miaka kumi na sita alipita mbele ya nyumba ya kaka yake kila siku, kwenda na kurudi, akisalimia, na hakuitikiwa. Alipofika hapo alikuwa akihamisha jembe bega la pili, sisi tuliokuwa tukimfuata tulidhani ni uzito wa jembe.

Aliomba kupumzika mwaka 1989, akaomba tena 1996, akaomba tena 2003, na mara zote mkutano ulimpigia makofi na kumwambia, "Mwaka mmoja tu tena, mama."

Novemba 2000 alishikwa na malaria, akalala siku tisa. Siku ya pili, sisi tukiwa tumekaa naye, mjomba aliingia bila kubisha hodi, akamtazama kitandani, akachukua jembe lililoegemezwa nyuma ya mlango na daftari lililokuwa juu ya kabati, akatoka. Alitembea mfereji siku zote zilizobaki, akafunga na kufungua kama daftari lilivyosema, pamoja na lango lake mwenyewe. Siku ya tisa jioni alirudisha jembe, akaketi kwenye kigoda, akavua viatu, na nyayo zake zilikuwa zimechubuka.

"Miguu inaniuma," alisema. "Ulikuwa unatembea hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Na hukusema."

"Ningemwambia nani?"

Mjomba aliinamisha kichwa, kisha akaomba uji. Hawakulizungumza tena jambo la kabeji, lakini tangu siku hiyo mama akipita Juu aliitwa aingie anywe chai, na mara nyingi aliingia.

Mwaka 2011 lilikuja bomba, na pampu za wachache, na vijana wengi walikuwa wameshaondoka, mashamba ya Kati yakarudi kichaka, na mfereji ukakauka kuanzia katikati. Hakuna aliyemwambia mama kwamba kazi imekwisha. Alishuka siku moja ya Septemba, akasema, "Maji hayakunifuata," akaweka jembe ndani.

Mwaka 2016 miguu ilianza kuvimba, ikagundulika kuwa ni moyo, akatibiwa kwa dawa na kulazwa mara tano. Januari mwaka huu alilazwa tena, na kila aliyekuja kumwona, mama alimwuliza kama shambani kwake kuna maji, akijibiwa ndiyo alifumba macho, akijibiwa hapana alifumba vilevile. Alifariki Jumatatu tarehe 6 Februari 2023, saa tano asubuhi, katika wodi ya wanawake, akiwa na miaka sabini na mitatu. Ameacha watoto watatu, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, na kaka mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemsuka nywele bila kuombwa, majirani waliobadilishana kulala naye hospitali, wajumbe wenzake wa kamati ya mfereji, wale walio hai na wale waliomtangulia, na vijana waliochimba kaburi tangu alfajiri kwenye udongo huu mkavu. Tunamshukuru pia mjomba, aliyekataa kiti jana na leo asubuhi, akasimama na vijana hao mpaka walipomaliza.

Kama kuna yeyote hapa ambaye mama alimfungia maji na moyo wake bado una uchungu, tunamwomba amsamehe, alikuwa mmoja na mashamba yalikuwa mengi.

Mama, umetembea vya kutosha. Keti sasa, vua viatu, pumzika.