Fundi Zefania Kaingu na Pombe Ambayo Hakuinywa

Wazee wa kanisa, Bwana Jamaldin pamoja na jamaa wa Ndia Kuu, majirani wa Majengo, na nyote mliofika tangu alfajiri kutoka Rabai, msomaji wenu anaanza kwa kuomba radhi, kwani historia hii ilistahili kusomwa na mtu mtulivu, mwenye koo safi na uso wa staha, lakini imemwangukia shemeji wa marehemu, ndugu wa mjane, mtu aliyefunzwa michezo ya kuchekesha shuleni, akaiendeleza vitani mbele ya askari, na tangu hapo hajui kusimama mbele ya watu bila kuwachungulia kama wanacheka. Ataisoma vibaya, mtamsamehe. Lakini tarehe hatakosea hata moja, na majina pia hatakosea, na wale waliojibanza karibu na mlango wa ua tunawaomba wasogee ndani, maana kwa desturi yetu historia ya marehemu haikatizwi na mtu, wala hakuna atokaye kabla ya jeneza.

Mzee Kingi, mzee wetu wa kanisa, kiti chako kiko mbele, karibu sana.

Marehemu Zefania Kaingu alizaliwa Rabai tarehe 14 Machi 1904, mtoto wa tatu wa Mzee Kaingu na Mama Mejumaa, akabatizwa mwaka uleule, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alilia ubatizoni mpaka ikaonekana kwamba kuyakataa maji ndilo kosa lake la kwanza. Alisoma shule ya misheni hukohuko Rabai kuanzia mwaka 1912 hadi 1918, akajua kusoma, kuandika na kuimba sauti ya chini, kisha akafundishwa ushoni, na mwaka 1920 akavuka kuingia kisiwani Mombasa akiwa na mkasi, nguo mbili, na barua ya kumtambulisha kwamba ni kijana asiyegusa kileo. Barua hiyo tunayo. Iliandikwa miaka ishirini na mitano kabla ya kanisa kuamua vinginevyo, na ndiyo maana leo tunamsomea historia hapa uani Majengo, wala si kanisani, kwa kuwa katika daftari la washirika jina lake limepigwa mstari, na kando yake pameandikwa neno moja, ulevi.

Tarehe 3 Machi 1924 aliajiriwa na Bwana Jamaldin, akawekewa cherehani barazani, Ndia Kuu, na barazani hapo amekaa miaka ishirini na minne, akishona kanzu za maharusi, makoti ya makarani na suruali za mabaharia waliotaka zote zimalizike kabla meli haijang'oa nanga. Alikuwa Mkristo peke yake pale dukani, na Bwana Jamaldin humngojea Jumatatu amweleze mahubiri ya jana, kisha humwambia, "Si mabaya, fundi, lakini mwambieni shehe wenu afupishe."

Jumamosi tarehe 6 Juni 1925 alifunga ndoa na Kache, dada wa msomaji, wakajenga maisha yao hapa Majengo katika nyumba hii hii, wakajaliwa watoto wawili, Mejumaa, aliyezaliwa Ijumaa tarehe 20 Agosti 1926 akapewa jina la bibi yake, na Charo, aliyezaliwa mwaka 1929, ambaye sasa ni fundi seremala, na jeneza mnaloliona amelipiga randa kwa mikono yake. Mejumaa aliposwa na mwana wa Mzee Kingi, na posa ikavunjwa Mei 1945 kwa maneno ya kwamba hawaoi nyumba ya mlevi, jambo ambalo familia inamshukuru Mungu kwalo leo hadharani, kwani bwana arusi yule hivi sasa anajulikana kwa jina na kila mgema kuanzia Kisauni hadi Likoni, na Mejumaa ameolewa na mtu anayekunywa chai.

Tunafika kwenye maradhi, na hapa tunaomba masikio yote.

Mwaka 1931, wiki moja baada ya Pasaka, marehemu alishikwa na maumivu chini ya kifua, makali, yanayotoboa hadi mgongoni, na tangu hapo yakawa yanakuja na kuondoka bila kubisha hodi, akawa akishikwa huinama mbele na kulaza paji la uso juu ya cherehani, mto ameukumbatia, na wapita njia wa Ndia Kuu husema fundi kachapa usingizi. Chakula cha mafuta kilimkataa, nazi ikamkataa kabisa, na mtu wa pwani akikataa wali wa nazi huonekana ana kiburi au ana jini. Jirani yetu Bi Mwanarusi alimpikia samaki wa kuchoma kwa miaka kumi, bila tui wala samli, akimwambia, "Wallahi, Zefania, chakula chako ni cha mgonjwa na mfungwa kwa pamoja," naye hujibu, "Nipe cha mfungwa, huyo siku moja hutoka."

Mwaka 1942 alianza kukonda, akawa na kiu isiyokatika na safari za uani zisizokwisha, na tarehe 17 Februari 1943 alipigwa picha hospitalini, na picha ikaonyesha vijiwe katika kongosho, kile kinyama kinacholala nyuma ya tumbo, ambacho kazi yake moja ni kuyeyusha mafuta ya chakula, na kazi yake nyingine ni kuizuia sukari isiijaze damu. Kongosho la marehemu lilikuwa limeungua kwa miaka kumi na miwili, likakauka, likawa mawe, na ugonjwa wa sukari ukaingia kwa mlango huo. Daktari alimuuliza kama anakunywa pombe, akasema la, akamuuliza tena, akasema la, akamuuliza mara ya tatu, marehemu akamwambia, "Bwana daktari, ukitaka niinywe ili picha iwe na maana, niandikie nipeleke kwa mke wangu." Daktari akacheka, akamwamini, akamweleza kwamba wako watu ambao kongosho huwaharibikia hivyo hivyo bila tone la pombe, na kwamba udaktari bado haujajua kwa nini. Yule daktari aliyesoma Ulaya hakuona haya kusema sijui. Mzee Kingi, wewe ulijua.

Basi marehemu akaanza maisha ya insulini. Kila asubuhi Kache alichemsha sindano ya kioo, na kichupa cha dawa kikawekwa ndani ya kopo, kopo likaning'inizwa ndani ya mtungi wa maji dukani kwa Bwana Jamaldin, mahali pa baridi kuliko pote, na wateja wakakatazwa kuchota kutoka mtungi ule hata wakifa kwa kiu. Aliutia mkojo wake katika dawa ya buluu, akauchemsha juu ya taa ya spiriti, ukibaki buluu hakuna sukari, ukiwa mwekundu kama tofali sukari imefurika, na watoto walikuwa wakikisia rangi kabla haijatokea. Lakini sukari ya mtu aliyeharibikiwa na kongosho haitabiriki, asubuhi iko juu ya mnara, adhuhuri iko chini ya kisima, na ikishuka ghafla mtu hutetemeka, hutokwa na jasho, ulimi humwia mzito, miguu humpotea. Dawa yake ni kumtia sukari mdomoni upesi. Bwana Jamaldin alilijua hilo, akaweka kipande cha halua kwenye bweta la vifungo, na akimwona fundi anakosa tundu la sindano humwambia, "Kula kwanza, fundi, kanzu haina miguu ya kukimbia." Muislamu ambaye pombe ni haramu nyumbani kwake, dukani kwake na kinywani mwake, alikaa na Zefania siku sita kila wiki asimnusie hata mara moja, na sisi tuliokaa naye saa mbili za Jumapili tukanusa pipa zima.

Jumapili tarehe 1 Aprili 1945, siku ya Pasaka, marehemu alidunga sindano yake, akaja kanisani bila kula kwa kuwa alikusudia kushiriki meza ya Bwana akiwa amefunga, na hilo lilikuwa kosa lake, tunalikiri, kosa la mcha Mungu. Katikati ya wimbo wa pili alianza kutetemeka, akajibu jambo ambalo hakuulizwa, akaangukia benchi la wazee. Kache alipiga kelele akiomba sukari, naye Mzee Kingi akasema, na watu mia mbili walisikia, "Mtoeni, huyu kaja na ya jana."

Ijumaa tarehe 13 Aprili 1945, saa kumi alasiri, wazee waliketi kumjadili. Marehemu alikuwa kitandani. Daktari alikuwa ameandika barua ya ukurasa mmoja kueleza ugonjwa wote, na barua hiyo ilipelekwa kikaoni kwa mkono, na haikufika mezani. Kilichofika mezani ni shahidi, na kumbukumbu za kikao, ambazo familia imezisoma, zinasema hivi, "Shahidi mmoja wa nyumbani kwake aliombwa aeleze jinsi mshitakiwa anavyokuwa, akasimama akatuonyesha anavyopepesuka, akarudia mara tatu, kikao kikaridhika." Kumbukumbu haziandiki kwamba wazee walicheka mpaka Mzee Kingi akavua miwani kufuta machozi, lakini walicheka. Na kwa ushahidi huo wakampiga mstari. Mzee Kingi anamjua shahidi huyo, na tangu tuanze kusoma amemkazia macho, na sisi tunamwambia avumilie, kila mtu atafikiwa.

Toka siku hiyo neno lilitembea kwa miguu yake lenyewe. Marehemu akitetemeka Majengo, ni mlevi, akiinama kwa maumivu sokoni, ni mlevi, na mara tatu aliandika kuomba wazee walifute neno lile, tarehe 2 Julai 1945, tarehe 9 Septemba 1946 na tarehe 20 Januari 1948, hakujibiwa hata kwa matusi.

Juzi Jumanne, tarehe 9 Novemba 1948, marehemu alidunga sindano yake akatoka kwenda dukani, na saa nne asubuhi akaanguka hatua sitini kutoka mlangoni hapa. Familia imewahesabu waliopita. Ni saba, wote tunasali nao. Wawili walimvuta wakamlaza kivulini, na Mzee Kingi, akipita na mwavuli, akawaambia, "Mwacheni, itamtoka yenyewe." Kweli ilimtoka, Mzee Kingi, roho. Bi Mwanarusi alipomfikia saa sita kasoro akamtia sukari guru mdomoni, hakuweza tena kumeza, akakimbizwa hospitali kwa mkokoteni, na saa tisa alasiri akafariki akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Hakuuawa na kongosho, hilo alikuwa akiligombeza kila siku na kulishinda. Aliuawa na neno.

Naye alikuwa ameona mbali, maana Septemba iliyopita alimwandikisha Kache wosia wa mistari mitatu. Mstari wa kwanza, historia yangu isomwe na shemeji, tarehe zote, majina yote. Wa pili, sitaki matanga ya kulia, nataka daftari lisahihishwe. Wa tatu, yeyote aliyeniita mlevi asitupe udongo juu yangu mpaka amesimama ukingoni mwa kaburi akasema kwa sauti, Zefania hakulewa, na asiyeweza kusema, udongo wake arudi nao nyumbani. Charo atasimama pale na sepetu. Amelelewa vizuri lakini ana mikono mikubwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania marehemu tangu mwaka 1943 hadi saa ya mwisho, inamshukuru Bwana Jamaldin, ambaye jana amelifunga duka kwa mara ya kwanza siku isiyo ya sikukuu, inawashukuru mafundi wenzake wa barazani walioishona sanda hii bila kukubali hata chai, na inamshukuru Bi Mwanarusi, ambaye alikimbia wakati wengine walikuwa wanatembea. Nanyi saba, shukrani zenu ziko makaburini.

Zefania, fundi wetu, uzi umekatwa, cherehani imefunikwa, lala sasa, hakuna atakayekuambia inuka uonyeshe kama unasimama wima.

Tunakwenda kuzika. Mzee Kingi, naona umeshanyanyuka, kofia mkononi, unataka kutangulia ukingoni uyamalize mapema, lakini rudi, mzee wangu, simama nyuma yangu. Shahidi wa tarehe 13 Aprili alikuwa mimi. Dada yangu alinituma nikamtetee, barua ya daktari ilikuwa mfukoni mwangu, na sikuitoa, kwa sababu mlikuwa mnacheka vizuri sana.