Kurasa Mia Tano Sabini na Mbili za Mtarajiwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mlio jikoni, punguzeni moto kidogo msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimfukuza mlangoni. Msikasirike, nasema kweli. Alikuja kwenu na koleo mkononi, akaomba kuona jenereta yenu, mkamwambia mwenye nyumba hayupo. Na mwenye nyumba mlikuwa ninyi wenyewe.

Jina lake la mtaani lilikuwa Mtarajiwa. Alisoma chuo kikuu miaka minne, uhandisi wa mifumo ya nishati. Akasubiri saini ya mtu mmoja miaka kumi na moja. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, juu ya nguzo ya umeme. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Saini hakuipata.

Tuanzie kwa mama yake. Mama ni fundi cherehani, na cherehani yake ni ya umeme. Nilimkuta sebuleni amekaa kwenye kiti chake cha kazi, cherehani imefunikwa kitambaa. Akaniambia, "Huyu mtoto alinichosha na maswali. Umeme ukikatika, badala ya kulia giza, ananiuliza: mama, umekwenda wapi? Nikamwambia umekwenda kula, utarudi. Basi akakaa mlangoni kuusubiri. Aone unarudi na njia gani."

Mama akacheka kidogo. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa anajizoeza kusubiri."

Wasikilizaji wapendwa, kozi ile ilipoanzishwa chuoni ilikuwa mpya kabisa, rangi haijakauka. Mtarajiwa alikuwa darasa la kwanza. Walikuwa wanafunzi ishirini na watatu. Waligawiwa karatasi inayong'aa yenye picha ya kijana wa kofia ngumu nyeupe, nyuma yake mapangaboi makubwa ya upepo. Chini imeandikwa: mtahitajika kila mahali. Mtarajiwa aliikunja karatasi ile akaiweka ndani ya kitabu chake cha hesabu, na ndani ya kitabu hicho mkewe aliikuta juzi.

Walisoma, na walisoma kwelikweli. Maji yanavyoanguka na kuzungusha mtambo. Jua linavyogeuzwa umeme na kuwekwa akiba kwenye betri. Kiwanda kinavyoweza kutumia nusu ya umeme wake kikafanya kazi ileile. Mwenzake waliyekaa naye dawati moja, ambaye leo anauza simu, aliniambia hivi: "Fundi wa umeme anaijua swichi. Fundi wa mitambo anaijua injini. Sisi tulifundishwa kuangalia vyote kwa pamoja, toka bwawani mpaka kwenye balbu ya bibi yako. Tulijiona sisi ndio wenyewe, bwana. Tulitembea vifua mbele."

Nikamuuliza, wangapi kati ya wale ishirini na watatu wanafanya kazi waliyosomea? Akahesabu kwa vidole. Hakumaliza mkono mmoja.

Mwaka wa mwisho, kila mwanafunzi aliandika kazi ya utafiti. Mtarajiwa aliandika kuhusu jenereta za majumbani. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penyewe. Umeme wa mtaa ukikatika, watu huwasha jenereta. Wapo wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili. Plagi moja wanaichomeka kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Raha mstarehe. Lakini kama hawajazima swichi kubwa ya nyumba, umeme ule haubaki ndani. Unatoka, unapanda nguzo, unaingia kwenye waya ambao fundi aliye juu yake anaamini umezimwa.

Alipata alama ya juu kuliko wote. Kitabu chake kikawekwa kabatini chuoni, kabati likafungwa. Sijasikia kwamba limewahi kufunguliwa.

Akatoka kutafuta kazi. Fomu za kazi zilikuwa na visanduku vya kutia alama: umeme, mitambo, ujenzi. Chini kabisa, nyinginezo. Yeye akatia alama nyinginezo. Katibu muhtasi mmoja alimhurumia akamwambia, "Kaka yangu, usijisumbue. Hapa nyinginezo maana yake hakuna."

Akaenda kwenye bodi inayosajili wahandisi. Huko walimpokea vizuri, wakamwandikisha kama mhandisi mtarajiwa, na jina lake la mtaani ndipo lilipotoka. Wakampa sharti moja tu. Afanye kazi miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa wa fani yake mwenyewe. Kila wiki aandike ukurasa mmoja kwenye daftari la mafunzo, na mhandisi huyo atie saini chini.

Sharti zuri. Ila mhandisi aliyesajiliwa wa fani hiyo hakuwapo. Angetoka wapi, na darasa la kwanza ni wao? Ili mmoja wao asajiliwe, alihitajika mwingine awe amesajiliwa kwanza. Mtarajiwa aliandika barua kueleza. Akajibiwa: suala lako linashughulikiwa. Mwaka uliofuata akaandika tena. Suala lako linashughulikiwa. Nimeziona barua hizo, wasikilizaji. Ni kumi na moja, na muhuri wao ni mzuri sana.

Mwaka uleule wa barua ya kwanza, amechoka na njoo kesho, akapiga moyo konde, akachukua kibarua cha kupanda nguzo. Kampuni ya mkandarasi ilihitaji mafundi wa laini, na haikuuliza alisoma nini. Msimamizi wa kikosi chake ni mzee mfupi mwenye mikono mikubwa, wanamwita Babu Nguzo. Darasani hakukaa sana. Kazi aliijulia juu ya nguzo. Lakini siku ya kwanza tu, aliposikia kijana amesoma chuo kikuu, akawatangazia wenzake: "Haya, sasa tuna mhandisi. Akisema kitu, tunasikiliza." Hakukuwa na kejeli ndani yake. Mzee yule alimaanisha.

Kila Ijumaa baada ya kazi, Mtarajiwa alikaa kwenye ngazi ya gari la kikosi, daftari magotini, akaandika ukurasa wake wa wiki. Nguzo ngapi, kosa gani, limetengenezwaje, amejifunza nini. Pa saini pakabaki peupe. Ijumaa moja Babu Nguzo alishindwa kuvumilia. Akatoa kalamu mfukoni. "Lete nikutilie. Si saini tu?"

Mtarajiwa akafunga daftari. "Hapana, mzee. Saini yako haitambuliki."

Mzee akarudisha kalamu mfukoni, akasema sawa. Babu Nguzo aliniambia maneno hayo yalimkaa kooni miaka yote. "Hakunitukana," alisema. "Alisema kweli. Ndiyo maana iliuma."

Miaka minne iliyopita tulimwalika Mtarajiwa hapa studioni, kwenye kipindi cha vijana. Nilimuuliza, anayesoma mifumo ya nishati atafanya kazi gani? Sauti yake ikachangamka. Akataja kupanga umeme wa nchi nzima, saa kwa saa. Kusimamia mitambo ya jua. Kukagua viwanda visipoteze umeme. Kubuni betri, kushauri serikali, kufundisha. Akafika kazi ya kumi. Nikamuuliza, na wewe unafanya ipi? Akacheka, "Mimi nafanya ya kumi na moja." Nami nikacheka. Ukanda wa kipindi kile upo. Nimeusikiliza wiki hii mara tatu, na kicheko changu sikipendi.

Siku zake za mapumziko alipita nyumba kwa nyumba. Mlimwona, mnamkumbuka. Aliomba kuona jenereta. Akikuta waya wa plagi mbili, anaeleza kwa upole, kisha anaukata kwa koleo na kuondoka nao. Wengine mlimwita kichaa. Nyumbani kwake, ukutani nyuma ya mlango, nyaya zile zimetundikwa. Nilihesabu sitini na nne. Mkewe aliniambia, "Wanawake wenzangu wana picha ukutani. Mimi nina hizi. Nikilalamika, ananiambia kila mmoja hapo ni mtu aliyerudi nyumbani."

Alikuwa na ramani aliyoichora kwa mkono. Mtaa aliokwisha kuupitia wote aliupaka rangi ya kijani.

Sasa tuje Jumanne. Kikosi kilitumwa kubadilisha waya uliochakaa kwenye mtaa mmoja. Mafundi wa laini wana taratibu zao, nazo hawazichezei. Wanazima umeme. Kila mmoja anaweka kufuli lake mwenyewe kwenye sanduku la swichi, na ufunguo anatia mfukoni mwake. Wanapima. Halafu wanafunga waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, pande zote mbili za mahali pa kazi. Upande unakotoka umeme, na upande wa nyumba.

Walikuwa na ethi moja. Ya pili ilikuwa imeazimwa na kikosi kingine, ingerudi baada ya saa nzima. Wakaifunga upande unakotoka umeme. Upande wa nyumba ukabaki wazi.

Babu Nguzo aliuliza, "Tusubiri?"

Mtarajiwa akatazama mtaa, nyumba moja baada ya nyingine. Kwenye ramani yake mtaa ule ulikuwa wa kijani. Milango yote alikwisha kuigonga yeye. Akasema, "Mtaa huu naujua. Ni safi."

Mtu mwingine yeyote angesubiri ethi. Fundi wa kawaida haamini nyumba ya mtu. Mtarajiwa aliamini, kwa sababu kazi ya kuusafisha aliifanya mwenyewe, kwa miguu yake. Akapima, waya hauna kitu. Akapanda.

Mwisho wa mtaa pana mwoka mikate. Umeme ulipozimwa, unga wake ulikuwa umeumuka, tanuri linapoa. Akavumilia kidogo, kisha akawasha jenereta bila kuzima swichi kubwa. Mwoka mikate alikubali kuzungumza nami, na namshukuru, maana wengi wangejificha. Alisema maneno haya: "Waya wangu wa kwanza aliukata. Nikatengeneza wa pili. Nikawa nauficha nyuma ya magunia ya unga, asiuone akipita tena. Nilimwogopa. Yeye alinipenda, kila akipita ananisalimia."

Saa nne asubuhi. Hakupiga kelele. Babu Nguzo alikuwa chini, anamtazama.

Nilimuuliza mzee kwa nini hakumzuia. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mtoto. "Mhandisi amesema ni safi. Ningebisha mimi nani?"

Wasikilizaji wapendwa, siku ya tatu ya matanga Babu Nguzo alikuja nyumbani kwa marehemu asubuhi na mapema, amevaa shati lililopigwa pasi. Akamwomba mjane madaftari. Mjane akayaleta, kumi na moja, mwaka mmoja daftari moja. Mzee akaketi mezani, akavaa miwani, akatoa kalamu. Akaanza ukurasa wa kwanza. Akasoma alichoandika kijana, taratibu, midomo inatembea, kisha akatia saini. Akafungua wa pili. Hakuruka hata mmoja. Waliokuja kutoa pole walimkuta anasaini, wakaondoka wakamwacha anasaini. Kalamu iliisha wino, akaomba nyingine. Kesho yake alirudi akaendelea. Kurasa mia tano sabini na mbili.

Alipomaliza, mama mzazi alimuuliza, "Sasa baba, watamsajili?"

Akasema, "Hapana, mama. Haitambuliki."

Akavua miwani, akalia mbele za watu. Mama akainuka kwenye kiti chake, akamshika bega.

Kwa mama, kwa mjane, kwa kikosi kizima, na kwako Babu Nguzo najua unatusikiliza: poleni. Kituo hiki kinaomboleza pamoja nanyi. Natamani ningekuwa na neno la kuwainua. Nimelitafuta wiki nzima. Chuo kinaendelea kupokea wanafunzi wa kozi ile, na karatasi inayong'aa bado ina kijana yuleyule wa kofia nyeupe. Bodi nimeipigia simu. Mnajua nilichojibiwa.

Nilitaka kufunga kwa kuwaomba kila mmoja aende akaangalie waya wa jenereta yake. Basi kabla ya kuwaomba, jana mchana nilishuka mimi mwenyewe ghorofa ya chini kuangalia ya kituo chetu. Siku ile tulipomwalika tulimpa chai, tukamsindikiza mpaka getini. Hakuna aliyefikiria kumwonyesha jenereta.

Wasikilizaji wapendwa, waya wetu una plagi pande zote mbili.

Nilikuwa na koleo. Sikuukata. Umeme wa mtaa huu umekatika tangu jana asubuhi, na ningeukata, msingenisikia leo. Nilipanda juu nikamweleza mkuu wa kituo. Ameniambia suala langu linashughulikiwa.

Kwa hiyo siwaombi kitu, maana sina uso wa kuwaomba. Tafakarini. Sauti hii inayowafikia sasa inapita kwenye waya ule, na nje huko, sijui mtaa gani, kuna fundi anapanda nguzo. Nanyamaza hapa, niizime jenereta.