Mkanda Haukuwa na Kosa

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu wa shule jirani, waheshimiwa viongozi wa mtaa huu, ndugu wazazi, wanafunzi sita wa kwanza wa darasa hili la ushonaji, majirani mliotuazima viti, na ninyi, ndugu zangu wa kwenye simu, ambao kwa miaka sita nimewajua kwa sauti na leo ndiyo kwanza nawaona nyuso: habari za mchana.

Wengine mmenishangaza, nisiwafiche. Mshona mapazia, kwa lile zege la sauti yako nilijiandaa kukutana na pande la mtu, kumbe nimepeana mkono na mtu ninayeweza kumbeba mgongoni nikapanda naye ngazi. Naye ameniambia kwamba kwa ukali wangu alidhani nina ndevu hadi kifuani. Basi tumetoka sare.

Bi Pindo, mwenye nyumba na mwenye shughuli hii, aliniomba niseme maneno machache. Nilimwonya kwamba fundi cherehani hana maneno machache, maana siku nzima anaongea na chuma ambacho hakimjibu. Akasema, shauri yako. Kwa hiyo, ndugu wageni waalikwa, mkichoka lawama zote mpelekeeni yeye.

Kwa ambao hawatujui, sisi ni kundi la watu wenye cherehani kuukuu, zile za kukanyaga, ambazo spea zake hazipatikani dukani. Tulikutana mtandaoni tukitafutana kwa ajili ya skrubu na bobini. Mimi ndiye fundi wao na ndiye msimamizi wa kundi. Kwa kuwa siwezi kuzifikia mashine zao, niliwawekea utaratibu mmoja: kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, kila mtu ashone mshono mfupi kwenye kitambaa kibovu, arekodi sauti ya mashine yake, aitume. Mimi nakunywa chai yangu nikisikiliza. Mashine ikiwa nzima naandika "salama". Ikiwa na tatizo nasema tatizo lilipo, na niseme bila aibu kwamba mara nyingi nilipatia.

Lakini ninyi watu hamkutosheka na mashine. Mkaanza kuleta na habari zenu. Huyu paa linavuja, yule mtoto amefaulu, mwingine amegombana na wifi yake na anataka tuamue nani ana haki. Mtu akatutumia picha ya sufuria lililoungua, akapewa pole na watu thelathini! Niligomba. Niliandika kwa herufi kubwa kwamba hili ni kundi la cherehani, mwenye mambo ya wifi ayapeleke kwa wifi. Mliniitikia "sawa fundi", kisha mkaendelea kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Na mimi, nakiri mbele ya mgeni rasmi, nilikuwa nazisoma zote, na siku wifi alipoombwa radhi nilifurahi peke yangu karakanani kama mwendawazimu.

Sasa nije kwa Bi Pindo. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu pindo la nguo akilikunja yeye, hata ukitumia miwani huoni uzi ulipopita. Ni mjane, anaishi peke yake, na binti yake ameolewa mbali. Katika sauti zote za asubuhi, yake ndiyo niliyokuwa nikiiweka mwisho, kama mtu anavyobakiza kipande kitamu sahanini. Mwendo wake ulikuwa mmoja, hauyumbi, hauharakishi.

Mwaka jana, asubuhi moja, sauti ile ikabadilika. Ikawa inakwenda, inasita, inakwenda tena. Nikamwandikia palepale: mkanda umelegea, ukate kidogo uunge upya. Akajibu, "Sawa fundi, nitajaribu." Kesho yake, vilevile. Nikamwambia atie mafuta. Vilevile. Nikamtumia mkanda mpya kwa basi. Akaupokea, akashukuru, akaufunga, na sauti ikazidi kusita. Wiki ya tatu nikamwambia amwite kijana yeyote wa jirani waifungue mashine yote wasafishe gurudumu la chini. Wiki ya tano mshona mapazia akaingilia kati kwamba mkanda wa ngozi haufai, afunge wa mpira. Mimi sipendi kukosolewa kazini kwangu, kila mtu hapa anajua. Tukabishana siku nne, ngozi na mpira, mpira na ngozi, hadi watu bando zikawaishia. Na muda wote huo Bi Pindo anasema, sawa kaka zangu, nitajaribu.

Wiki tano, ndugu wageni waalikwa. Nani alikuwa mgonjwa katika wiki hizo tano, mashine au mtu?

Kundini mwetu kuna mwalimu wa chekechea, yule pale amejificha nyuma ya nguzo. Ana cherehani ya marehemu mama yake, na mpaka leo kutia uzi sindanoni kunamchukua robo saa. Alikuwa haandiki kitu, nami nilikuwa nimekwisha kumhesabu kuwa ni msikilizaji wa bure. Asubuhi moja, katikati ya ugomvi wetu wa mpira na ngozi, akaandika hivi: "Samahanini, mimi mashine sizijui. Dada, wewe mwenyewe hujambo?"

Basi. Baada ya nusu saa ikaingia sauti ya Bi Pindo, ya dakika kumi na moja, na safari hii haikuwa ya mashine.

Alisema mguu wake wa kulia unakufa ganzi, na kwamba ameanguka mara mbili jikoni. Akikanyaga, mguu unamtii kidogo, kisha unakataa. Yeye hajamwambia binti yake, kwa sababu anajua kitakachofuata: atafunga chumba chake cha kushonea, atachukuliwa, atakwenda kuwa mgeni wa kudumu katika nyumba ya mtoto wake, akipewa chai na kuambiwa mama wewe pumzika. Alisema anaogopa kupumzika kuliko anavyoogopa kuumwa. Akamalizia kwa kuniomba radhi mimi, eti kwa kunisumbua na mkanda. Mimi!

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kweli walisema. Lakini mbona hawakutuambia tumfanyeje mtu aliyeficha kwa sababu hakuna aliyemuuliza?

Mlichofanya baada ya pale mnakijua, lakini majirani hawa hawakijui, acheni niwasifu mkiwepo. Mpiga pasi wa dobi, anayekaa vituo viwili kutoka hapa na hakuwahi kujua kwamba wanakaa karibu, alifika siku ileile akiwa na aproni yake. Alikwenda naye hospitali, akakaa naye kwenye benchi mpaka wakaitwa. Mwalimu wa chekechea akampigia yule binti, akamweleza taratibu, akampa nafasi ya kulia kabla ya kumwunganisha na mama yake. Daktari akakuta mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni, na Bi Pindo akapasuliwa. Wiki zote alizolala wodini, kila asubuhi mlimtumia sauti za mashine zenu, na muuguzi mmoja akaja kuuliza mgonjwa wa kitanda kile anasikiliza kiwanda gani.

Mimi sikutuma kitu. Hilo pia lisemwe. Mlidhani nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi yoyote, nilikuwa na haya. Kila nilipoishika simu niliona maneno yangu yaleyale, kaza mkanda, badili mkanda, na chini yake mtu anaanguka jikoni na kuniitikia "sawa fundi". Daktari aliposema mguu utatembea lakini hautakanyaga tena kutwa nzima, nilichukua vyuma vyangu nikatengeneza mpini wa kuzungushia kwa mkono, nikaupakia kwenye basi bila barua. Fundi akishindwa kusema, anachonga.

Kwa mpini ule Bi Pindo alishona tena, polepole, mkono mmoja ukizungusha na mmoja ukiongoza kitambaa. Akaona kwamba kasi ya zamani hairudi. Badala ya kukaa na kuinamia hilo, akasema basi ningali na macho na vidole, nitafundisha. Binti yake, ambaye yupo hapa mbele, hakumchukua. Alikuja yeye, akapaka rangi kuta hizi kwa mikono yake. Mwanangu, ahsante.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nimesifu kila mtu, sasa nifanye lililonileta. Nimesafiri siku nzima kwa ajili ya sentensi moja ambayo miezi tisa imenishinda kuiandika. Bi Pindo, dada yangu, nisamehe. Nilisikiliza mashine yako siku thelathini na tano, na sikukuuliza hali hata mara moja.

Subirini... amenyoosha mkono. Sema, dada.

Tulieni jamani, ninyi mlio nyuma hamkusikia. Nawarudishia kama alivyosema. Anasema: "Fundi, binti yangu nilimdanganya kwenye simu, akadanganyika. Wateja waliingia wakatoka, hakuna aliyeona kitu. Wewe uliye mbali ulisikia siku ya kwanza kwamba siko kama jana. Ulikosea jina la ugonjwa tu. Kila uliponiandikia habari za mkanda, nilijua yupo mtu anayengoja kunisikia asubuhi, na ndiyo maana nilikuwa naamka nakanyaga."

Nilikuwa na ukurasa mwingine hapa. Nitauacha.

Wanafunzi, mwalimu wenu ndiye huyu. Mgeni rasmi, darasa ni lako, ulifungue. Nami nawashukuru nyote kwa masikio yenu.