Bi. Odile na Swali la Theluji

Winnipeg ina meya na chuo chetu kina mkuu, lakini theluji ikianguka wote wawili hunisubiri mimi, Gaspard, dereva wa greda, mashine ya kusukuma theluji. Nikizima mashine, elimu imesimama. Basi msishangae kwamba kumuaga Bi. Odile Carrière, anayestaafu tarehe 30 Aprili baada ya miaka ishirini na tisa, kumekabidhiwa mkono huu ulioishia darasa la saba.

Bi. Odile ndiye aliyeanzisha cheti cha ufikivu, elimu ya kuhakikisha asiyetembea anaingia na asiyeona anasoma. Wahandisi, wauguzi na wanasheria walikisoma sambamba na digrii zao au baada ya kuzipata. Kila theluji ya kwanza aliwaleta uwanjani watazame ninakoisukuma.

"Mjomba, leo unawafundisha nini wanangu?"

"Kukimbia! Wasomi, sogeeni, nitawafukia na digrii zenu!"

Vilima vyangu vya theluji, virefu kuliko kanisa na vyenye kuziba njia, ndivyo vilivyowafumbua macho.

Mwaka juzi baraza la chuo lilitaka kukifuta cheti. Mjumbe mmoja akabeza, "Mtu ana digrii, cheti cha nini tena? Avae makoti mawili?"

"Mheshimiwa, hapa ni Winnipeg," akajibu Bi. Odile. "Wewe umekuja na mangapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha akasimama Wendell Kostiuk, mhandisi, mwanafunzi wake wa zamani. Akasimulia kwamba kwa digrii tupu alitafuta kazi mwaka mzima. Alipopata cheti akaitwa kwenye usaili, wakaonyeshwa ramani ya hospitali. Wenzake wakasifu madirisha, yeye akauliza, "Theluji mtaisukuma wapi?" Kumbe njia ya viti vya magurudumu ilichorwa palepale ambapo greda lingeimwaga theluji. Akapewa kazi kahawa yake haijapoa.

Kura zikapigwa, cheti kikabaki. Leo darasa limejaa hadi viti havitoshi, na Wendell mwenyewe ndiye anayelirithi.

Bi. Odile, ahsante kwa yote. Nenda ziwani kwako, uvue samaki mpaka wakuzoee, na afya isikupungukie.

Na mimi? Katika kikao kile nilikaa mstari wa mbele, nikitikisa kichwa kama jaji. Ukweli ni kwamba masikio yangu yamekwisha, sikusikia hata neno, na hadi leo sijamwambia mtu. Kila neno la kikao nililowaandikia hapa nililisoma ukutani, ambako wanafunzi wa Bi. Odile walikuwa wakirusha kwa maandishi yote yaliyosemwa.