Hatua Ishirini na Sita za Mzee Joginder

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama kuna chai jikoni, epua kwanza, uje ukae. Leo tunamkumbuka mtu wa hapa hapa Nakuru, Mzee Joginder Singh, mpima ardhi mstaafu wa mtaa wa Section 58. Ametuacha mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2008, akiwa na miaka sabini na mmoja. Ni yule mzee wa kilemba cha buluu aliyetaka barabara kuu ihamishwe. Ndiyo, huyo huyo. Mlimcheka. Hata sisi hapa studioni tulimcheka, na leo aibu ni yetu.

Joginder alikuwa mtoto wa fundi wa reli. Kila Jumapili baba yake alimshika mkono, wakateremka kwa miguu mpaka ziwani kutazama flamingo. Wakati huo ua wa mbuga ya wanyama haukuwepo, na malori yalikuwa ya kuhesabu. Alipooa, alimpeleka Mama Parminder njia ile ile. Baadaye mji ukakua, malori ya kwenda Uganda yakajaa, na Section 58 ikabaki huku, ziwa likabaki kule.

Halafu goti la Mama Parminder likaharibika. Alikuwa anafika kando ya barabara na fimbo yake, anasimama. Lori linapita. Lingine linapita. Anageuka, anarudi nyumbani. Miaka mitatu, wasikilizaji! Miaka mitatu mama wa watu aliliona ziwa kutoka ngazi za nyuma ya nyumba yake, na hakulifikia.

Binti yao ni Jasvinder, mwalimu kule Njoro. Anakumbuka hivi: "Baba alimwambia, 'Parminder, hiyo barabara nitaihamisha.' Mama alicheka mpaka akakohoa. Akamuuliza, 'Utaihamisha na nini? Na mkokoteni?'"

Mama Parminder alifariki mwezi wa pili, mwaka wa 2007. Mwezi wa tatu Mzee akaanza kazi.

Kwanza aliipima barabara. Kutoka ukingo mpaka ukingo, hatua ishirini na sita. Kila aliyemsikiliza alimwambia hivyo, hatua ishirini na sita tu. Alitaka malori yapitie nyuma ya mji, upande wa Menengai. Pale yalipokuwa yakipita pabaki njia yenye miti na viti vya kupumzikia, mtu ateremke polepole mpaka ua wa mbuga. Na pale kwenye ua pakatwe lango dogo la watu wa miguu. Akashika daftari, akazunguka nyumba kwa nyumba akiomba sahihi. Kufikia mwezi wa kumi alikuwa na majina mia tatu na kumi. Baraza la mji likakubali kumsikiliza mwezi wa kumi na moja.

Na hapo ndipo Mzee wetu alipoharibu mambo.

Aliona ni vizuri watu waione hiyo njia kwa macho kabla ya kikao. Sasa, mpima ardhi akitaka kuonyesha mahali, anachora msalaba. Joginder alikuwa amechora misalaba miaka thelathini na tano. Na rangi iliyokuwa stoo ni ile iliyobaki alipopaka mabati ya nyumba. Nyekundu! Haki ya Mungu, nani katika Kenya hii hajui maana ya alama nyekundu ya X ukutani? Mzee akaamka mapema, akachora arobaini na tatu, kwenye mawe, kwenye nguzo, na kwenye kuta za vibanda. Akarudi nyumbani, akanywa chai, ameridhika kabisa.

Kufika saa nne mtaa umechafuka. Watu wanang'oa mabati yao wenyewe kabla tingatinga halijafika. Namalwa, yule mama anayepika maharagwe na chapati kando ya barabara, alikuwa ameshabeba sufuria zake zote kwa dada yake Rongai. Aliposikia ni kazi ya nani, alirudi mbio.

"Wewe mzee!" alimwambia mlangoni. "Mimi nilikupea jina langu kwa hiyo daftari yako, na wewe unanipigia X? Lete hiyo daftari!"

Akalikata jina lake yeye mwenyewe, kalamu ikatoboa karatasi. Wengine wakafuata. Siku ya kikao Mzee alisimama mbele ya baraza na majina kumi na tisa. Akaambiwa arudi akiwa na watu.

Wasikilizaji wapendwa, mwingine angejifungia ndani. Joginder alichukua ndoo ya chokaa na brashi, akapita kwa kila ukuta. Anabisha, anavua viatu mlangoni, anasema, "Nimekosa. Naomba nifute." Alifuta misalaba arobaini na miwili. Ule wa kibanda cha Namalwa ulibaki. Mama alimkatalia kabisa, kisha polepole hasira ikageuka utani.

"Sitaki uifute," alikuwa anamwambia akimmiminia chai. "Ukiifuta, utakuja kuniomba msamaha kwa sababu gani?"

Basi Mzee akawa anakuja kila siku kuomba msamaha na kunywa chai. Lakini jina lake Namalwa hakulirudisha.

Kisha ukafika mwezi wa kwanza. Siku zile za ghasia za uchaguzi sote tunazijua, na vidonda bado vibichi, kwa hivyo sitavigusa sana. Mawe yaliwekwa barabarani. Malori yakakoma. Ile barabara iliyonguruma usiku na mchana ikanyamaza kimya. Na mchana mmoja katika siku hizo, moyo wa Mzee Joginder ukamshika.

Jasvinder alikuwa amekwama Njoro, anapiga simu huku analia. Gari hakuna. Teksi hakuna. Namalwa akamwita Micah, jirani anayeuza maji. Wakashusha mitungi, wakatandika blanketi, wakamlaza Mzee kwenye mkokoteni. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Namalwa ametusimulia mwenyewe. Walipofika katikati ya barabara, Mzee aliinua mkono.

"Simameni kidogo."

"Mzee, tuna haraka," Micah akasema.

"Kidogo tu."

Wakasimama katikati ya barabara kuu, mchana kweupe, na hakuna kilichokuja, si huku wala kule. Chini kabisa ziwa lilionekana, na ukingo wake ule wa waridi. Mzee alitazama. Kisha akaanza kucheka, polepole, akishika kifua.

"Parminder angeniona," akasema. "Na mkokoteni, kweli." Halafu akamshika Namalwa mkono. "Lakini si hivi, mama. Sikutaka inyamaze hivi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Kabla hawajafika zahanati, Mzee Joginder alikuwa amekata roho.

Kwako Jasvinder, kwa jamii yote ya hekalu la gurdwara, na kwako Namalwa na Micah, poleni sana. Poleni kutoka ndani ya mioyo yetu. Na sisi tuliobaki tujiulize. Tulimkimbia mtu huyu kwa sababu ya rangi ya ukutani, bila hata kumuuliza alimaanisha nini. Wangapi wengine tumewafanyia hivyo mwaka huu?

Malori yamerudi, mnayasikia. Baada ya mazishi Jasvinder alikwenda kwa Namalwa na mkebe wa rangi nyeupe, amalizie kazi ya baba yake, afute ule msalaba wa mwisho. Namalwa alisimama mbele ya ukuta.

"Hii iache," akamwambia. "Hapa ndipo tulipovukia na yeye."

Kisha akafuta mikono kwenye leso, akamwomba Jasvinder lile daftari la Mzee, akaandika jina lake tena.