Mzee Rutayisire na Maneno Yote ya Mahali

Tarehe 30 Septemba mwaka huu, Mzee Rutayisire, mhariri wa kamusi katika Ofisi ya Tafsiri Imvugo hapa Kimihurura, anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi. Mkurugenzi wetu, Bwana Ntare, ameniagiza mimi Flaviana, msaidizi wa Mzee, niandike wasifu wa kuchangamsha ukumbi. Nitachangamsha mpaka pale nitakaposhindwa. Mnisamehe, maana si mbali.

Mzee alizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliokuwa wamekimbia Rwanda. Alisoma huko, akafundisha Kiswahili huko, kisha akarudi kwenye nchi ambayo hakuwahi kuiona. "Akarudi" ni neno lake. Mimi ningesema akaja, na kwa hilo tumebishana miaka mingi. Hapa ofisini alianza kwa kutafsiri vipeperushi vya chanjo na maelekezo ya dawa za ng'ombe. Alipokabidhiwa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili alipewa meza, kompyuta na kiti kizuri cha kuzunguka. Kiti kile hakikukaliwa sana.

Kwake yeye neno halikuingia kamusini mpaka alisikie kwa watu wanaolitumia. Lililomtesa kuliko yote ni neno dogo, "place". Mtoto wa shule angeandika "mahali" akaenda zake kucheza. Mzee alikataa katakata. Alisema Waingereza hulitumia kwa kiti cha mezani, kwa nafasi ya masomo chuoni, kwa zamu kwenye foleni, kwa ushindi wa pili katika mbio, kwa cheo, hata kwa nyumba ya rafiki, na Kiswahili kina neno lake kwa kila kimoja, basi kwa nini yote yatiwe kwenye gunia moja? Tukashuka naye Kimisagara kusikiliza mafundi wa kuchomelea wanaitaje sehemu yao ya kazi. Alikaa pale asubuhi nzima akiulizauliza, hadi fundi Gaju akamkazia macho: "Muzee, wewe unatafuta mlango ao unatafuta maneno?" Kwa aibu alinunua mlango. Mpaka leo umeegemezwa nyuma ya ofisi, haujapata nyumba.

Siku nyingine mimi na Kipchumba wa uhasibu tulinuniana, yeye akishikilia kwamba ni "pahali", mimi nikishikilia "mahali". Mzee aliyaingiza yote mawili, akatuagizia chai ya maziwa na mandazi, akasema anayetaka kuendelea na ugomvi ajilipie. Hivyo ndivyo alivyotuongoza. Alikuwa na maneno mengi kuliko sisi sote, na hakumwonea mtu kwa neno.

Sasa ndipo ninaposhindwa.

Mapema mwaka jana alileta ukurasa wa "place" umekamilika, kazi safi kabisa, tukampigia makofi. Wiki iliyofuata akauleta tena, ameuandika upya tangu mwanzo, uso umejaa furaha ileile. Tukapiga makofi tena, tukidhani anatutania. Ilipofika mara ya nne hakuna aliyecheka.

Kisha ikaja Jumanne moja ya mvua. Mzee alitoka kazini, akapanda pikipiki kurudi kwake Kanombe. Haukupita muda mrefu, dereva, kijana anayeitwa Shema, akamrudisha mlangoni kwetu, wote wawili wamelowa chapachapa. "Mi namuuliza nyumbani iko wapi," akasema Shema. "Anasema makao, anasema makazi, anasema maskani. Jina ya mahali hasemi. Siwezi kumuacha kwa barabara, ni muzee wa watu." Mzee alikuwa amesimama kando akitabasamu kwa adabu, kama mtu anayesubiri wengine wamalize shughuli zao.

Daktari alisema ugonjwa huu wa kusahau haurudi nyuma. Kwa hiyo Mzee anastaafu kabla ya wakati wake, na kamusi imesimama kwenye herufi P. Sioni wa kuisogeza. Watu wananifariji kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha. Najua. Lakini hii haikuwa ncha, tulikuwa katikati ya kazi. Nimekasirika, na wa kumkasirikia simwoni.

Wiki iliyopita nilikwenda kuwajulia hali. Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama Ihirwe, alitupakulia viazi na maharage, tukala vizuri, Mzee akasifu mapishi. Jua lilipoanza kuzama alichukua kofia yake, akamshika mkewe mkono. "Asante kwa chakula, mama," akamwambia. "Wacha nirudi kwetu, watakuwa na wasiwasi." Nyumba ile aliijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, mshahara baada ya mshahara, ili awe na pa kuita kwake. Mama Ihirwe hakubishana naye. Alijitupia kitenge mabegani, akatoka naye getini, wakazunguka nyumba za majirani polepole wakisalimia watu, kisha akamleta kwenye geti lilelile na kumkaribisha ndani kama mgeni. Alinambia wanafanya hivyo kila jioni. Siku nyingine Mzee anaingia, siku nyingine anakataa, wanazunguka tena.

Mama Ihirwe ameomba tusiende kumtembelea kwa kundi, kwa kuwa nyuso nyingi zinamtisha. Nendeni mmoja mmoja, mtaje majina yenu mlangoni, na msimwulize kama anawakumbuka.

Mzee wetu, tumetafuta neno la kukuaga na hatukulipata, nawe ndiye tuliyezoea kumwuliza. Asante kwa kazi, kwa chai, na kwa subira yako kwetu. Tunakutakia jioni njema, na tunakuombea ufike kwenu.